Tiba shufaa kwa wafungwa Dar: dawa safi, ufunguo ndio tatizo

Tiba shufaa ni matunzo ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa mzito kama saratani, na kwa wafungwa dawa yenyewe haina lawama. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayotolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, hunyweka hata na asiyeweza kumeza kidonge, na maumivu yakizidi dozi hupandishwa. Huduma inapokwama ni kwenye saa.

Mgonjwa akianza na miligramu 5, atakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Saa 4 usiku anapewa maradufu ili alale mpaka alfajiri. Gerezani, saa 4 usiku selo zimeshafungwa zamani, chupa iko kwenye kabati la zahanati na mwenye ufunguo kamaliza zamu. Mtu anaugulia usiku kucha, wenzake hawalali, asubuhi inasemwa dawa haimfai. Haikumfikia, basi! Dozi ya usiku ipimwe mapema kwenye bomba la sindano lisilo na ncha, akabidhiwe askari wa zamu, atie saini daftarini. Vidonge vya mofini vinavyomezwa kila baada ya saa 12 vikipatikana, gereza livichukue haraka.

Hesabu ya chupa nayo hupuuzwa. Dozi hizo ni miligramu 30 kwa siku; kwa dawa ya miligramu 5 katika mililita 5, wiki mbili hula mililita 420. Chupa ya 500 inabakiza 80 tu za maumivu ya ghafla. Someni lebo: dawa ikiwa nzito maradufu, mililita zilezile ni dozi mbili.

Mofini bila bisakodili, dawa ya kufungua choo, ni kosa la kizembe. Choo kinafunga, na choo cha selo ni cha foleni.

Kwa maumivu ya mifupa, ulizeni mionzi ya siku moja, Gray 8 (Gray ni kipimo cha mionzi). Hutuliza karibu sawa na ile ya siku kumi, ingawa huenda ikarudiwa, na gari la magereza linatoka gereza la Ukonga mara moja tu.

Msamaha wa Rais, ambao kwa kawaida hutoka 26 Aprili na 9 Desemba, umekuwa ukigusa wagonjwa wa saratani walio hatua ya mwisho, jopo la waganga likithibitisha. Barua ya daktari itaje hatua hiyo waziwazi. Na anayeachiwa atoke na chupa, bomba na rufaa ya kliniki. Dozi ya baada ya saa nne ataihitaji akiwa bado kwenye daladala.