Huduma ya ukuaji wa vijana katika kliniki moja ya Ibanda, Bukavu

Mwezi wa pili mwaka huu nilimpeleka mwanangu wa pili kwenye kliniki moja ya watoto hapa Ibanda, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina malalamiko nayo pia. Alikuwa na miaka 14 na miezi 2. Sauti za wenzake darasani zilikuwa zimekwisha kuwa nzito, naye bado aliwekwa mstari wa mbele kila asubuhi wakati wa kupandisha bendera. Shangazi yake alikuwa amekwisha kumnunulia katika soko la Kadutu chupa ya vidonge vya kurefusha mwili.

Mwanzo haukuwa mzuri. Muuguzi alimpima mtoto akiwa amevaa viatu, akaandika sentimita 149. Daktari alipoitazama namba hiyo alimrudisha kwenye kipimo yeye mwenyewe, miguu mitupu, visigino na mgongo vikigusa ubao, akapima mara tatu na kupata 146. Tofauti hiyo si ndogo: mtoto ambaye hajaanza kubalehe huongezeka sentimita 5 au 6 hivi kwa mwaka mzima, kwa hiyo viatu peke yake vilikuwa vimempa mwanangu nusu mwaka wa ukuaji ambao hakuwa nao.

Baada ya hapo nilipata nilichokilipia. Daktari alipima urefu wangu, 168, na wa mama yake, 159, akajumlisha, akaongeza 13 kama inavyofanywa kwa wavulana, akagawanya kwa 2: mtoto wetu anaelekea kwenye 170, kwa kuzidi au kupungua sentimita kadhaa. Kisha akaniuliza, "Papa, wewe ulianza kunyoa ndevu ukiwa darasa gani?" Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa tayari na diploma ya serikali mkononi. Yeye hakucheka, aliandika jibu hilo, akanieleza kwamba kuchelewa kubalehe mara nyingi hurithiwa.

Kipimo kilichonishangaza zaidi ni uzi wenye shanga 12 za ukubwa tofauti, kuanzia mililita 1 hadi 25, kilichobuniwa na daktari Mswisi Andrea Prader ili kulinganisha ukubwa wa korodani. Shanga ya mililita 4 ndiyo mpaka: korodani zikiufikia, ubongo umekwisha kuiamuru pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, nayo imeziamuru korodani kuanza kazi, hata kama uso bado ni wa mtoto. Mwanangu alikuwa ameufikia. Lakini hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa: pazia halikuvutwa, na wanafunzi wawili wa udaktari waliingia bila mtoto kuombwa ruhusa. Kijana wa umri huo akiaibishwa mara moja, kumrudisha kwa daktari ni kazi.

Radio, yaani picha ya eksirei, ya mkono wa kushoto ilionyesha mifupa ya miaka 12. Picha za kulinganishia zilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, waliopigwa kuanzia miaka ya 1930, na nilipenda kwamba daktari alilisema hilo mwenyewe badala ya kutoa umri wa mifupa kama hukumu. Hata hivyo maana yake ilikuwa njema, kwani ncha za mifupa zilikuwa bado wazi. Zikishafungwa na homoni ya estrojeni, ambayo hata wavulana wanayo, urefu umekwisha.

Damu ilipimwa homoni za tezi ya shingo, na chumvi ya nyumbani ikaulizwa pia, kwa sababu mama yake ni mtu wa Idjwi, kisiwa kilichojulikana miaka mingi kwa rovu la ukosefu wa iodini. Majibu yalikuwa ya kawaida. Kuhusu vidonge vya shangazi, daktari alisema tu kwamba homoni ya ukuaji ni protini, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki, ndiyo maana wanaoihitaji kweli hudungwa sindano. Hakuandika dawa yoyote. Baadhi ya ndugu wanaona nimetupa pesa.

Tuliporudi baada ya miezi 6 alikuwa na 149.4, safari hii bila viatu tangu mwanzo, na pazia nililivuta mwenyewe. Anayetaka kwenda abebe kadi ya kliniki ya utotoni yenye vipimo vya zamani, na afike mapema, maana foleni ya radio ni ndefu kuliko ya daktari.