Taa, breki, kioo na kofia: kipi kinamlinda mwendesha baiskeli Dar es Salaam?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo hapa mezani nina taa ya nyuma ya kuchaji, kizibao cha rifleta, raba mpya za breki, kioo cha usukani na kofia ngumu. Vyote unavipata Kariakoo, na vyote nimevitumia kwenye baiskeli ninayoendea kazini, barabara zile zile zenye daladala, bajaji na malori ya bandarini. Nataka kumjibu mtu mmoja tu: yule ambaye mwezi huu ana hela ya kununua kimoja. Anunue kipi?

Wengi watasema kofia. Mimi nasema taa ya nyuma, tena nitakupigia hesabu.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye makazi, linatembea karibu mita 14 kila sekunde. Wewe kwenye baiskeli, kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15, unatembea mita 4. Kwa hiyo gari linakukaribia kwa mita 10 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 20 mbele yake, ana sekunde mbili. Hapo bado hajatoa mguu kwenye mafuta wala hajaangalia kama kulia kwake kuna nafasi ya kukupisha. Akikuona kuanzia mita 100, ana sekunde kumi, na sekunde kumi zinamtosha hata dereva aliyechoka. Hapa kwetu jua linazama mapema mwaka mzima. Saa moja usiku ni giza, na ndio muda ambao watu wanarudi nyumbani.

Sogea uione. Hii ni nyekundu, inachajiwa kwa waya wa simu, na kwenye boksi imeandikwa IPX4. Maana yake inavumilia maji ya kurushiwa kutoka kila upande, kwa hiyo mvua ya masika haiiui, ila usiizamishe kwenye ndoo. Ina namna tatu za kuwaka. Ile ya kumetameta inamshtua dereva haraka, lakini inamsumbua kukadiria uko umbali gani. Ninachokushauri: barabara yenye taa za mtaani, iache imetamete, barabara yenye giza, iwashe moja kwa moja. Na ielekee nyuma, sawa na barabara. Nimeona taa nyingi nzuri zimefungwa zinatazama lami.

Sasa hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu watengenezaji wa taa hizi hawakumfikiria mtu wa kwetu. Mkanda wake umekatwa kwa ajili ya kufunga kwenye bomba la siti. Lakini nani Dar anaendesha baiskeli bila mzigo? Muuza madafu, mchuuzi wa samaki anayetoka Feri, mtu wa mkaa, mwenye trei za mayai. Gunia likishakaa kwenye keria, taa ya kwenye bomba la siti imezibwa kabisa, na anayekuja nyuma anaona gunia jeusi kwenye barabara nyeusi. Mpelekee fundi akukatie kipande cha bati, akifunge mwisho kabisa wa keria, taa ikae pale. Au ishushe kwenye madigadi ya nyuma. Mzigo ukining'inia hadi chini, ifunge juu ya mzigo wenyewe. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayoamua kama hela yako imeleta faida.

Kizibao cha rifleta sitakaa nacho sana. Rangi hii ya kijani kama ya ndimu inafanya kazi mchana na jioni. Usiku rangi haisaidii, kinachosaidia ni hii mistari ya fedha, na mistari inasubiri kumulikwa. Gari lenye taa mbovu halikuoni. Gari linalotoka mtaa wa pembeni halijakumulika bado. Kivae, kinasaidia, lakini hakichukui nafasi ya taa. Na kama una kipande cha rifleta kilichobaki, kifunge kwenye kifundo cha mguu. Mguu unapanda na kushuka, na dereva akiona mwanga unaopanda na kushuka anajua mara moja kwamba huyu ni mtu anakanyaga pedeli, si nguzo.

Breki. Ndugu zangu wenye Phoenix na baiskeli za aina hiyo, zile za breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, nisikilizeni vizuri. Ringi zenu ni za chuma chenye kromu. Zikiwa kavu zinashika. Zikilowa, raba inateleza juu ya kromu, na mahali mlipozoea kusimama mnapita. Hizi raba mpya ni laini zaidi kuliko zile ngumu zilizokaa miaka juani, na kwenye ringi kavu nimeona tofauti kubwa. Kwenye mvua tofauti ipo, lakini ni ndogo. Raba haiwezi kuibadilisha ringi. Kwa hiyo mvua ikinyesha, anza kubana breki kidogo kidogo kabla ya kufika makutano, raba ifute maji kwanza, ndipo ubane kwa nguvu. Mwenye uwezo wa kubadilisha ringi aweke za alumini, na afikirie breki za waya. Na usiikate ya mbele kwa kuogopa kupinduka! Ukisimama uzito wote unakuja mbele, ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ibane taratibu, pamoja na ya nyuma.

Kioo hiki kinafungwa upande wa kulia, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na magari yanatupita kulia. Kimetuna, kwa hiyo kinaonyesha eneo kubwa, lakini kinadanganya umbali: lori unaloliona mbali liko karibu. Kasoro yake ni kwamba kinatikisika na kulegea. Zungushia kipande cha tyubu ya zamani kwenye usukani kabla ya kukaza skrubu, kitatulia.

Kioo kinakusaidia kwa kilicho nyuma yako. Hakikusaidii kwa hatari ambayo naiogopa kuliko zote, ile ya kushoto. Daladala ikisogea kituoni, mlango wake uko kushoto, abiria anarukia kushoto, na wewe ndiye uliyepo kushoto. Ukiona mkono wa konda umetoka, usishindane nayo. Punguza, isubiri isimame. Lori nalo likiwa linakata kona kushoto, dereva aliye kulia juu kule hakuoni ukiwa ubavuni karibu na tairi la mbele, na matairi ya nyuma yanakata kona kwa ndani zaidi kuliko ya mbele. Yanakufuata hapo ulipo. Usijipenyeze kati ya lori na ukingo wa barabara, hata kama foleni imesimama, hata kama umechelewa. Hakuna kifaa kwenye meza hii kinachokuokoa pale.

Kinachookoa pale ni njia ya peke yako. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza kazi mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia ya waenda kwa miguu na baiskeli pembeni. Nimeipita na vifaa hivi vyote, na nasema wazi kwamba mahali palipo wazi, njia ile inashinda kila nilichokionyesha leo. Tatizo ni pale ambapo bodaboda wanaitumia kukwepa foleni, gari limeegeshwa juu yake, au meza za biashara zimeifunga, na wewe unalazimika kushuka ghafla kwenye magari. Mchuuzi anahitaji pa kuuzia, simlaumu. Lakini jiji lililojenga njia lina wajibu wa kuilinda kwa vizuizi ambavyo pikipiki haipiti, na kumtafutia mchuuzi eneo. Watu wanaumia kwa jambo linalorekebishika, na linaniuma.

Nimeiacha kofia mwisho, na si kwa sababu haina maana. Hii ina lebo ya EN 1078 ndani, kipimo cha Ulaya. Kwenye kipimo hicho kofia inaangushwa kutoka kama mita moja na nusu, igonge chini kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Hilo ni anguko la kichwa chako kwenye lami, na kwa anguko hilo inasaidia sana. Kugongwa na lori ni jambo jingine. Za mtumba zipo nyingi. Toa sponji za ndani, tazama povu jeupe kama lina ufa. Kofia inakulinda kwa povu hilo kubonyea, na likishabonyea halirudi. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, kifungo kibane chini ya kidevu. Kwa mtoto, nunua inayomtosha leo. Kubwa ya kukua nayo itarudi kisogoni siku atakapoanguka, na paji la uso litabaki wazi.