Kozi ya Kiakadi "kwa wanaoanza": nilijibu sawa wakanifungia somo

Jamani naandika bado nina hasira, mnivumilie. Kuna hii kozi ya mtandaoni ya Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru, kule Iraki ya leo. Niliilipia mwaka jana huko maana tangazo lilisema ni ya watu wasiojua chochote. Na mwanzo ulikuwa mtamu kweli, unaanza na herufi zetu hizi za kawaida uzoee sauti kwanza, halafu unaona neno linavyobadilika mwisho, mfalme akitenda ni šarrum, akitendewa šarram, kitu kikiwa chake šarrim, na kitenzi kinasubiri mwisho wa sentensi. Nikasema hapa hela yangu imefika.

Balaa likaanza kwenye maandishi yenyewe, zile alama za kabari walizokuwa wanagandamiza kwa kijiti cha tete kwenye udongo mbichi. Ipo moja ina umbo la nyota, 𒀭. Hiyo ina kazi kibao, mara ni silabi an, mara ni neno zima ilum yaani mungu, na ikikaa mbele ya jina kama Marduk haitamkwi kabisa, inakutonya tu kwamba anayefuata ni mungu. Ndo ilivyo, maandishi yalikuwa ya Wasumeri, Waakadi wakayachukua na kuyaandikia lugha yao ambayo haihusiani kabisa na Kisumeri. Sasa kwizi inaniletea "nyumba ya mungu", alama mbili, ya pili ndo hiyo, eti inasomwaje? Nikaandika ilim, kwa sababu ni bīt ilim, nyumba ni ya mungu kwa hiyo ilum inageuka ilim, kama ile šarrim. KOSA. Jibu lao ni an. Na usipopita kwizi somo linalofuata halifunguki, umelipa na mlango umefungwa.

Nikamwandikia mwalimu kwa adabu zote na skrinshoti juu. Akanijibu kwenye grupu, mbele ya wenzangu wote, kwamba wanaoanza wajibu walichofundishwa na wapenda ubishi waende chuo kikuu. Ubishi gani sasa? Hii lugha haina msemaji hata mmoja aliye hai, hakuna bibi wa kumuuliza kijijini, tumebaki na vibao, kamusi na mwalimu, halafu mwalimu ndo huyo anakukaripia kwa kusoma vizuri! Watu wawili watatu walikuwa na swali hilohilo wakanyamaza, na mmoja akaacha kabisa. Hilo ndo linaniuma kuliko hela.

Nilikuwa nawapa moja kwa tano. Ila baadaye sana wakanifungulia kimyakimya, bila hata samahani, na somo lililofuata likawa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zile za jiwe jeusi lililoko makumbusho ya Louvre, Paris. Šumma awīlum, mtu akilitoboa jicho la mwenzie, na lake litatobolewa. Nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, mwili ukasisimka, kitu cha karibu miaka 3,800! Kwa somo lile peke yake ningewapa nne. Lakini nikikumbuka lile jibu la kwenye grupu, hapana, mbili, tena mbili za shingo upande.

Ukitaka kujaribu usikimbilie kulipa, kamusi kubwa ya Kiakadi ya Chuo Kikuu cha Chicago, kazi iliyoanza 1921, ipo mtandaoni bure kabisa, fungua utafute ilu (ndo ilum ileile, kamusi inaiandika bila m) uone wenyewe wanavyoiandika. Mimi hela ya kile kipindi nilichofungiwa bado naidai.