Siku Mbili Kisumu za Kusoma Masharti ya Usalama wa Kinu cha Nyuklia: Wakufunzi Wazuri, Kijitabu Kibovu

Mafunzo haya, yaliyofanyika katika ukumbi wa hoteli moja mtaani Milimani mjini Kisumu, yalitangazwa kwa ahadi moja tu: kwamba mtu asiye mhandisi ataondoka akiweza kusoma ukurasa wa masharti ya usalama ya kinu cha nyuklia na kuelewa unamdai nini mwendeshaji wa kinu hicho. Nililipa shilingi 3,500. Waliotoka Bondo na Rarieda walilipa nusu, na hiyo ni haki, kwa sababu tangu macho ya serikali yahamie kaunti ya Siaya baada ya upinzani wa wakazi wa Uyombo kule Kilifi, wao ndio wanaotajwa kuwa majirani watarajiwa wa kinu ambacho Kenya inapanga kujenga. Kampuni iliyoandaa sitaitaja, maana lawama ninazo, na ninaandika kwa ajili ya anayefikiria kuhudhuria awamu ijayo.

Nitangulize kipimo ninachopimia. Nilifanya kazi ya zamu kwa miaka 22 katika mitambo ya umeme wa mvuke upande wa Naivasha, na huko nilizoea kuisoma hati ya usalama kuanzia nyuma. Sifa za mtambo ukiwa mzima kila muuzaji anazijua. Ninachotafuta ni kile ambacho hati inamwamuru mtu wa zamu saa nane za usiku: ni kifaa gani kimeharibika, ana muda gani wa kukitengeneza, na muda huo ukimwishia afanye nini. Mafunzo yoyote ya masharti ya usalama yasiyofika hapo ni hotuba.

Asubuhi ya kwanza ilifika hapo, tena mapema kuliko nilivyotarajia. Wakufunzi wawili, kijana na dada mmoja, walieleza kwa dakika chache kwamba sheria ya Marekani inayagawa masharti hayo mafungu matano: mipaka ya usalama pamoja na viwango vinavyofanya kinu kijizime chenyewe, masharti ya chini kabisa ya kuendelea kukiendesha, vipimo vya mara kwa mara, sifa za ujenzi, na taratibu za utawala. Kisha wakaacha nadharia. Kila meza ilipewa ukurasa mmoja uliotokana na masharti ya mfano ambayo mdhibiti wa Marekani, NRC, ameyaandaa kwa vinu vya muundo wa kampuni ya Westinghouse, pamoja na saa ya kadibodi yenye mishale ya kuzungushwa kwa kidole. Ukurasa ulihusu umeme wa dharura: jenereta mbili za dizeli na nyaya mbili zinazoleta umeme kutoka gridi.

Zoezi lilianza jenereta moja ikiwa imekufa. Meza yetu ilisoma kwamba katika saa 1 ya kwanza ni lazima ihakikishwe kuwa nyaya za gridi ziko sawa, ukaguzi huo urudiwe kila baada ya saa 8, na jenereta irudishwe katika hali yake ndani ya saa 72. Tulikuwa bado tunazungusha mishale mama mmoja mfanyabiashara wa omena kutoka upande wa Rarieda alipouliza, "Na ile ya pili nayo ikigoma, mwanangu?" Kijana hakumjibu. Alimwomba kwa adabu, "Mama, hebu shuka safu ya chini utusomee." Mama akavaa miwani, akafuatisha mistari kwa kidole, akasema, "Saa mbili." Akarudia, safari hii akimtazama kijana: "Siku tatu kwa moja, saa mbili kwa zote?"

Ndivyo ilivyo. Jenereta zote mbili zikiwa mbovu, moja irudi ndani ya saa 2. Isiporudi, kinu kianze kuzimwa, kiwe kimetoka kwenye uzalishaji ndani ya saa 6 na kiwe kimepoa ndani ya saa 36. Swali la mama liliwapa wakufunzi nafasi ya kueleza sababu, nao waliitumia vizuri. Kinu cha nyuklia hakizimiki kama jiko la gesi. Punde baada ya kuzimwa, mafuta yake bado hutoa joto la takriban asilimia 6 ya nguvu kamili, na joto hilo likikosa maji ya kuliondoa huanza kuharibu mafuta yenyewe. Pampu za maji zinahitaji umeme. Gridi ikianguka, umeme huo unatoka kwenye dizeli, na ndiyo sababu masharti hayo ya mfano yanataka kila jenereta iwashwe kwa majaribio kila siku 31, na katika majaribio yanayopima uharaka wake ifikie kasi na volti zake ndani ya sekunde 10. Kwa saa hiyo moja peke yake ningelipa tena zile 3,500.

Sasa kijitabu. Kila mshiriki alipewa kijitabu cha kurasa 40 kilichoandikwa kuwa ni tafsiri ya Kiswahili, na aliyekitafsiri ama hakuwahi kusikiliza wakufunzi wakifundisha au hakupewa muda. Kosa kubwa liko ukurasa wa 9, palipo na fasili ya neno linalobeba mfumo mzima, kwa Kiingereza "operable". Kifaa kinachotimiza masharti kimeelezwa kuwa ni kifaa "kinachofanya kazi". Jenereta ya dharura haifanyi kazi siku nyingi za mwaka. Imekaa tu, inangoja. Kinachodaiwa ni kwamba iwe na uwezo wa kutimiza jukumu lake la usalama itakapohitajika, pamoja na vyote inavyovitegemea: vifaa vya kupimia na kuongozea, umeme, maji ya kuipoza, mafuta ya kulainisha. Jenereta inayonguruma vizuri lakini pampu yake ya maji ya kupozea imefunguliwa kwa matengenezo, kwa kijitabu hiki ni nzima. Kwa masharti ni mbovu, na saa imeanza kuhesabu.

Kosa la pili ni dogo kwa jicho lakini si kwa matokeo. Katika masharti ya asili, "na" na "au" huandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, kwa sababu ndizo zinazoamua kama mtu anatakiwa afanye mambo yote mawili au achague moja. Kijitabu kimeyazamisha maneno hayo ndani ya sentensi, na mahali pawili kimeweka "na/au", ambayo katika hati ya aina hii haina maana yoyote. Palipotakiwa "lazima" pameandikwa "inafaa". Nafaa kunywa maji zaidi, nafaa kumpigia shemeji yangu simu. Mwendeshaji wa kinu hatakiwi kupewa neno la namna hiyo.

Siku ya pili ilianza na ajali ya kinu cha Three Mile Island huko Marekani, ya tarehe 28 Machi 1979, na uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa ajali hiyo ni somo la masharti kabla ya kuwa somo la mionzi. Valvu mbili za njia ya maji ya akiba ya kulisha vyombo vya mvuke zilikuwa zimefungwa, jambo lililokatazwa kinu kikiwa kinaendeshwa, na zilipita takriban dakika 8 kabla ya mtu kuligundua. Taa moja ya kuonyesha hali ya valvu hizo ilikuwa imefunikwa na kadi ya matengenezo iliyoning'inia kwenye paneli. Dada mkufunzi alikuwa amechora paneli kwenye bango, akaning'iniza kadi ya manjano juu ya taa ya karatasi, akatuita mmoja mmoja tusome hali ya valvu. Wanne wa kwanza hawakuifunua kadi. Mimi nilikuwa wa tatu.

Baada ya hapo mambo yalilegea. Picha za tsunami ya mwaka 2011 iliyoharibu vinu vya nyuklia vya Fukushima, Japani, zilichukua karibu saa nzima na nusu, kisha mada niliyoisafiria, yaani nani hukagua masharti na nani huidhinisha yabadilishwe, ikabanwa ndani ya dakika 40 baada ya chakula cha mchana. (Chakula: samaki wa kukaanga na ugali, vizuri, chai, maji ya moto yenye rangi.) Hapa ndipo mafunzo yalipowaangusha watu wa Siaya. Saa 72 hazikuandikwa kwenye jiwe. Mwenye kinu Marekani anaweza kuomba leseni yake ibadilishwe, na katika miaka ya karibuni vinu vingi huko vimeruhusiwa kurefusha baadhi ya muda huo kwa kukokotoa hatari, hadi kikomo cha siku 30. Huenda hesabu zao ni sahihi. Lakini mvuvi mmoja kutoka Lwanda Kotieno aliuliza swali lililonyooka, "Nani anaongeza hizo saa?" na akajibiwa, "Wataalamu."

Jibu lilikuwapo na halikuhitaji zaidi ya dakika tano. Huko Marekani ni NRC, ambayo ilianza kazi mwaka 1975 baada ya tume iliyokuwa ikiendeleza nyuklia na kuidhibiti kwa wakati mmoja kuvunjwa. Japani, hadi Fukushima, mdhibiti alikaa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikiendeleza nyuklia. Mamlaka mpya iliyotengwa na wizara hiyo iliundwa Septemba 2012. Kwetu, sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, huku mradi wenyewe ukiendelezwa na wakala mwingine, NuPEA. Mvuvi yule alistahili kuondoka na majina hayo mawili, akijua lipi ni la anayetaka kujenga na lipi ni la anayepaswa kumkagua. Saa nzima na nusu ya picha za mawimbi, na hilo halikusemwa.

Kwa mwenye kuuliza kama aende: aende siku ya kwanza bila kusita, na siku ya pili abaki hadi kadi ya manjano iondolewe. Nimewaandikia waandaaji kurasa nne za masahihisho, nao wamejibu kwamba kijitabu kitakachotumika Bondo kitapitiwa upya. Toleo hilo sijaliona. Hadi litoke, atakayepewa la zamani afungue ukurasa wa 9, afute "kinachofanya kazi", na aandike pembeni "chenye uwezo, pamoja na vyote kinavyovitegemea".