Kuifuta benki kuu au kuibakiza?

Mwaka 2023 Javier Milei, akigombea urais, aliwaahidi Waargentina kuifunga benki kuu yao. Je, Dodoma tungependa hivyo?

Ikifutwa, kama Panama inayotumia dola, serikali haiwezi kuchapisha noti kuziba pengo la bajeti. Mfumuko wa bei hutulia, na hilo si dogo kwa mwenye kipato duni.

Ikibaki, kama Benki Kuu ya Tanzania (BoT) tangu 1966, benki ya biashara iliyoishiwa fedha ina pa kukopa haraka. Bila hiyo, mnunuzi wa mahindi kwenye soko la nafaka la Kibaigwa, magunia yakiwa tayari mzanini, anaweza kukosa pesa benki. Mkulima harudi na kitu. Nachagua ibaki, ila ukomo wa kuikopesha serikali uheshimiwe.