Siku tatu Bergen, Norwei: nilienda kutalii nikakuta mambo ya mwalo wa kwetu

Nimerudi Kampala juzijuzi tu na simu haipumziki, kila mtu anauliza safari ilikuwaje, sasa wacha niandike mara moja wote wasome. Wengi wanataka kujua kitu kimoja, kama Bergen inamfaa mtu mwenye siku chache na mfuko wa kawaida. Inamfaa, tena sana. Naipa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya bei na kwa sababu ya chumba nilicholala, nitafika huko.

Nilikuwa nimeenda Oslo kumsalimia dada yangu, mwezi wa sita, akasema haiwezekani urudi Uganda bila kuona pwani. Tukakata tiketi ya treni wiki kadhaa mapema maana ukingoja siku ya safari bei inapanda vibaya. Ni kama masaa saba hivi, na hata ukipata ndege ya bei nafuu mi nakwambia panda treni. Reli yenyewe ilifunguliwa 1909, inapanda milima pole pole mpaka stesheni ya Finse, mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, na pale mwezi wa sita theluji bado iko chini imelala, treni ikasimama kidogo watu wakashuka kuigusa, na mimi nikashuka, mkono ukafa ganzi lakini sikutaka kuiachia.

Bergen ni mji umebanwa kati ya bahari na milima saba, nyumba zimepanda vilima kama unavyoona Kololo au Naguru kwetu Kampala ila hizi ni za mbao, nyeupe nyingi. Kutoka stesheni mpaka bandarini unatembea kwa miguu, hakuna haja ya teksi, na kwa kweli siku zote tatu tulitembea tu.

Sasa Bryggen. Jina maana yake ni gati, ni safu ya maghala ya mbao mbele ya maji, mekundu, ya njano, meupe, ndiyo picha inayowekwa kwenye kila tangazo la Bergen. Watu wengi wanasimama mbele wanapiga picha wanaondoka. Usifanye hivyo jamani, ingia ndani kwenye vichochoro! Ndani kule sakafu ni mbao, inalia ukikanyaga, kuta zimeinama upande mpaka unahisi zinaegemeana zisianguke, ukiangalia juu unaona milango ya ghorofani na boriti zilizotokeza nje za kuvutia mizigo kwa kamba. Mizigo gani? Samaki wakavu! Hapo ndipo mimi nilisimama.

Mama yangu ameuza mukene, yaani dagaa wakavu, kule Majanji kwenye Ziwa Victoria miaka mingi, ndio biashara iliyotusomesha sisi wote, na shuleni tuliitwa watoto wa mukene kwa sababu nguo zetu zilinuka. Nimekua nikidhani samaki mkavu ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Kumbe hapa kuna mji mzima uliojengwa na samaki mkavu! Chewa wa bahari ya baridi walivuliwa kaskazini kule Lofoten, wakatolewa matumbo, wakatundikwa kwenye vichanja upepo wa baridi uwakaushe miezi kadhaa, bila chumvi hata kidogo, kisha wakaletwa hapa kwa mashua. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliweka ofisi yao hapa karibu mwaka 1360, wao wanaleta nafaka, wanachukua samaki kuuza Ulaya nzima, wakaendelea hivyo karibu miaka 400. Na waliishi maisha magumu, kwenye yale maghala hairuhusiwi kuwasha moto hata wakati wa baridi kali maana kila kitu ni mbao, wanapika na kuota moto kwenye nyumba za pembeni huko nyuma.

Moto ulikuja tu hata hivyo. 1702 pote paliungua, wakajenga tena kwa mtindo ule ule wa zamani, hayo ndiyo tunayoyaona leo. 1955 sehemu nyingine ikaungua, na badala ya kumwaga zege haraka haraka wakachimba chini miaka na miaka kutafuta vya kale. Walivyovipata viko Bryggens Museum, hatua chache tu kutoka hapo, na kama una sente za kiingilio kimoja tu Bergen nzima basi ingia humu.

Walipata vijiti vya mbao vilivyochongwa maandishi ya kale ya huko, maandishi zaidi ya 600. Mtu angedhani ni mambo ya wafalme, hapana, vingine ni vya kufunga kwenye mzigo, vimeandikwa jina la mwenye mali, fulani ndiye mwenye huu. Mama yangu hufanya hivyo hivyo! Anafunga kitambaa chekundu kwenye gunia lake na kuandika jina kwa makapeni, kalamu ya wino mzito, ili lisipotelee kwenye lori la Kampala. Na kati ya vilivyochimbuliwa kipo kimoja kilichoandikwa Gyda anasema urudi nyumbani. Basi, hicho tu. Mwanamke ametuma ujumbe, mume labda yuko mahali anakunywa, miaka mia nane hivi imepita na tunausoma. Nilimpigia mama simu ya video nikamzungusha nje pote, boriti za kuvutia mizigo, vichochoro, milango, nikamwambia mama hawa walikuwa wanafanya kazi yako na dunia nzima inakuja kuangalia, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1979. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza wanaanikaje wakati mvua haiachi kunyesha.

Maana mvua ilikuwa inanyesha. Inabidi niseme hili wazi, Bergen mvua ni nyingi mno, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Kampala yetu haifiki huko. Tena si mvua ya kwetu inayopiga saa moja ikaisha jua likatoka, hii ni nyembamba, ya kunyunyiza, asubuhi mpaka jioni. Mwavuli wangu upepo uliuvunja siku ya kwanza. Beba koti la mvua lenye kofia na viatu visivyoingiza maji, basi utafurahi kama wenyeji, wao wanatembea na watoto kwenye vigari kama hakuna kitu.

Siku ya pili mchana kukaanuka tukapanda mlima Fløyen, kuna treni ndogo inayovutwa na kebo kutoka mjini kabisa, ipo tangu 1918, dakika chache uko juu mita 320, unaona mji wote, bandari, visiwa mpaka bahari inapoishia. Kidokezo, panda kwa treni ushuke kwa miguu, njia ni nzuri kwenye msitu na huko juu tulikuta mbuzi wanazurura na kola shingoni. Usiku ndio ulinishangaza zaidi, saa tano bado ni mwanga unaweza kusoma gazeti nje.

Chakula sasa. Krona moja, pesa ya huko, niliihesabu kama shilingi 350 za Uganda, na ukianza kuhesabu hivyo utalala njaa. Soko la samaki bandarini ni zuri kuangalia, kaa wakubwa kama sinia, ila ni bei ya watalii. Meza moja nilikunywa supu ya samaki, kibakuli kidogo, ikanitoka kama elfu 70, na vipande vya samaki nilivihesabu vilikuwa vitatu. Supu yenyewe ni tamu, ya maziwa maziwa, lakini hapana. Duka la kawaida la vyakula linakuokoa, mkate, mayai, samaki wa kuvuta moshi, na maji ya bomba unakunywa bure, usinunue chupa.

Kuhusu chumba, silitaji jina la pale, ila tangazo lilisema kuna jiko la wageni, tumefika tumebeba na mchele wetu tunaambiwa jiko limefungwa wiki nzima, na hakuna aliyeturudishia hata krona moja. Iliniuma kwa sababu jiko ndilo lililotufanya tuchague pale. Andika meseji uulize kabla hujalipa.

Ukumbi wa mfalme Håkon, wa miaka ya 1200, tuliuona kwa nje tu, muda haukutosha. Kurudi tulipitia uwanja wa ndege, unapanda Bybanen, tramu ya mjini, kama dakika 45 umefika, lipa kwa kadi maana kash hawana habari nayo.

Nililetea mama samaki mkavu mmoja, mgumu kama kuni, nimemfunga kwenye nguo ndani ya begi. Alimgonga mezani, akamnusa, akamloweka siku nne akibadilisha maji kila asubuhi, jumapili akampika na binyebwa, mchuzi wa karanga. Tulikula wote pale Busia, majirani pia. Akasema huyu samaki ni mzuri, nyama yake ina nguvu, ila hao watu wangemtia chumvi kidogo.