Vin jaune au Savagnin ouillé: ubebe ipi kutoka Jura?

Ukifika Arbois, mji mdogo wa eneo la Jura, mashariki mwa Ufaransa, alikokulia mwanasayansi Louis Pasteur, utaonjeshwa mivinyo miwili ya zabibu ileile, Savagnin: vin jaune (yaani “mvinyo wa njano”) na ouillé (“uliojazwa”), na hutaamini kuwa ni ndugu.

Siri iko kwenye pipa. Mvinyo ukikaa pipani hupungua kwa kuvukiza. Kwa ouillé, mtengenezaji hulijaza pengo kila mara ili hewa isipate nafasi. Kwa vin jaune huliacha lilivyo, na juu ya mvinyo hujitanda utando mwembamba wa chachu. Humo utakaa mpaka itimie miaka sita na ushei. Lita moja hubaki takriban sentilita 62, ndiyo maana chupa yake, clavelin, ile fupi yenye mabega mapana, hubeba kiasi hichohicho.

Kwa bei, ouillé inashinda bila ubishi. Miaka yote hiyo ya kungoja lazima mtu ailipie. Kwa kutunza mambo hugeuka: vin jaune iliyofunguliwa hukaa wiki kadhaa, ouillé imalize ndani ya siku chache.

Ladha? Vin jaune hunukia jozi na bizari, na asiyeizoea hudhani imeharibika. Ukiwa na kuku wa krimu na uyoga wa morel, au jibini la Comté lililokomaa, mimi sioni mbadala wake. Ila kwa samaki wa kuchoma na ndimu, au mgeni anayeonja Jura mara ya kwanza, fungua ouillé. Na vin jaune usiigandishe kwenye friji: nyuzi 14 hivi zinatosha.